Mume wangu amekataza mtoto wetu kiziwi asifundishwe alama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro mjini. Wa kwanza ni msichana wa miaka 9, wa pili mvulana ambaye Machi anatimiza miaka 5. Huyu wa pili ndiye anayenifanya niandike saa hizi wenzangu wamelala.

Alizaliwa mzima. Alipofika miezi 11 akaugua homa ya uti wa mgongo, tukalazwa, Mungu akatusaidia akapona. Baadaye tukaanza kuona akiitwa hageuki. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, akasema tuache papara, hata baba yake alichelewa kusema. Tukasubiri. Tulipokuja kumpima alikuwa na miaka miwili na nusu, tukaambiwa masikio yote mawili hayasikii. Akapewa shimesikio, vile vifaa vya kuvaa sikioni vya kusaidia kusikia. Asubuhi namvalisha, ikifika saa nne ameshazivua, siku moja nimezikuta kwenye ndoo ya maji. Sijui hata kama zinamsaidia. Ngoma ya harusi ikipita anageuka, ukimwita jina hageuki.

Kliniki moja ya binafsi tuliyompeleka, mtaalamu alituambia tusithubutu kumwonyesha vitu kwa mikono, eti mtoto akizoea ishara anakuwa mvivu wa kusema. Akitaka maji akinyoosha kidole nisimpe, nikae na kikombe mpaka atoe sauti. Nimefanya hivyo, Shangazi. Analia, mimi nalia, bibi yake anatoka nje. Mpaka leo anasema "ba" tu. Maji ni "ba", paka ni "ba", mimi mwenyewe ni "ba".

Mtaa wa nyuma kuna fundi cherehani kiziwi, mtu mzima, ana kibanda chake karibu na mashine ya kusaga. Mwanangu akaanza kutoroka kwenda kwake. Siku ya kwanza nilimfuata na fimbo mkononi, nikawakuta wanacheka. Fundi anafanya mikono, mtoto anajibu, fundi anafanya tena, mtoto anaanguka kwa kicheko juu ya vipande vya vitambaa. Nilisimama pale nje nikashindwa kuingia. Nyumbani kwangu mwanangu hachekagi vile.

Halafu kikatokea kitu kilichonimaliza. Siku nzima mtoto alikuwa anaweka kidole shavuni, anakishusha mpaka karibu na kidevu, kisha anaonyesha mlango. Shavu, mlango. Shavu, mlango. Nikajua ni jino. Nikamfungua kinywa, nikamulika na tochi ya simu, nikampa Panadol ya maji. Akatupa kijiko, akaanza kugonga kichwa ukutani. Kesho yake nikampeleka kwa fundi, nikamwonyesha fundi nilichokiona. Wakaongea wenyewe kidogo, kisha fundi akachukua kile kidaftari chake cha vipimo akaniandikia: "Anauliza baba. Baba ana kovu?"

Mume wangu ana kovu la shavuni tangu utotoni. Ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma, akiondoka anaondoka. Kumbe mtoto amempa baba yake jina, na nyumba nzima hakuna aliyekuwa analijua, hata dada yake ambaye ndiye humwelewa kuliko sisi sote.

Tangu siku hiyo nakwenda kwa fundi kujifunza, kwa siri. Mume wangu aliporudi akaambiwa na watu. Amegomba sana. Anasema nataka kumfanya mtoto bubu moja kwa moja, wakati yeye anajinyima huko barabarani akusanye pesa ya ile operesheni ya Muhimbili. Akishawekewa kifaa ndani ya sikio atasikia, sasa alama za nini? Mama mkwe anasema kabla ya kisu twende kwanza kwa mganga upande wa Gairo, anataka laki mbili na mbuzi. Shemeji yangu naye anasema tumpeleke bweni mapema, wenye kazi hiyo wamfundishe, sisi tupumzike.

Shangazi, sipendi kumpinga mume wangu, si mtu mbaya. Lakini ni kweli alama zitamziba mdomo mtoto? Nifanye nini?

Mama wa Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole na safari hiyo.

Endelea na fundi. Hilo ndilo jibu, na haya mengine nataka msome pamoja wewe na baba watoto akirudi, maana nusu yake namwandikia yeye. Kujificha acha. Jambo jema likifanywa kwa siri watu huliona baya, na mtoto akikuona unaficha mikono baba anapoingia atajifunza kwamba lugha yake ni ya aibu.

Nianze na lile kovu. Mtoto wa miaka minne ameangalia uso wa baba yake, akachagua kitu kimoja kinachomtofautisha na wanaume wengine wote, akakifanya jina. Kisha akaliunganisha jina hilo na mlango akatengeneza swali: baba yuko wapi, au anarudi lini. Hakuna aliyemfundisha. Na ndivyo viziwi wanavyopeana majina dunia nzima, mtu anaitwa kwa mwanya wake, kwa kovu, kwa namna anavyotembea au anavyoshika kofia. Wewe mwenyewe ukiuliza pale kibandani huenda ukakuta una jina lako muda mrefu. Kwa hiyo msiniambie mtoto huyu ana tatizo la kichwa au ni mvivu. Akili yake ya lugha inafanya kazi kutwa, ila hapo nyumbani hajapata mtu wa kumjibu.

Na muda wa kumjibu una kikomo. Ubongo wa mtoto hupokea lugha ya kwanza kwa urahisi katika miaka ya mwanzo ya uhai, hasa kabla ya kuanza shule, na haujali kama lugha hiyo inaingilia sikioni au machoni. Kinachouumiza ni kukosa vyote viwili. Kuna viziwi waliokutana na lugha yoyote kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 10 au 12, na waliochunguzwa ukubwani walionekana bado wanahangaika na sentensi ndefu kidogo, hata kwenye lugha ya alama yenyewe, hata baada ya kuitumia miaka mingi. Wale waliopata lugha mapema, iwe ya kusema au ya alama, hujifunza nyingine juu yake bila shida kubwa.

Baba watoto, kuna mtu nataka umjue. Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa Alabama, naye alipata uziwi kwa homa ya uti wa mgongo kama mwanao. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada pale Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington. Mwaka 1957 akafungua shule ya viziwi Accra, na hakuishia hapo, mpaka anafariki kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule 31 katika nchi 13 za Afrika. Mikono ilimpeleka mbali, kama unavyoona. Lakini angalia kitu kimoja: Foster aliugua akiwa na miaka 11. Lugha ilikuwa imeshakaa kichwani, masikio yakazimika baadaye. Mwanao aliugua kabla hajasema "mama". Foster angeweza kusubiri, huyu wako hawezi.

Nieleze maana watu husikia "kukosa lugha" wakadhani ni kushindwa kuomba maji. Maji ataomba, atakuvuta kanga mpaka kwenye mtungi. Asichoweza kukivutia mkono ni kesho. Hawezi kunyooshea kidole Ijumaa, wala "baba yuko Makambako, matairi yameharibika, atachelewa." Hawezi kuuliza kwa nini bibi analia. Sindano anachomwa bila kuambiwa itauma kidogo kisha itaisha, anaona tu mama yake mzazi amemshika mikono ili mtu amchome. Siku ile ya Panadol alikuwa na swali lenye jibu jepesi kabisa, na kwa kulikosa jibu akajigonga ukutani. Watu wengi mitaani husema viziwi wana hasira za kuzaliwa. Hebu wao wakae siku moja tu bila kujibiwa na mtu yeyote waone.

Na kuna jambo hatupendi kulisema. Watu wabaya huwachagua watoto wasioweza kusimulia. Mtoto mwenye lugha anarudi nyumbani anasema nani amemfanya nini, na huyo mbaya anajua hivyo.

Sasa hii habari ya kuziba mdomo. Si ya huyo mtaalamu wenu peke yake, ni ya zamani na ina cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1880 walimu wa viziwi wa Ulaya na Marekani walikutana Milan, Italia. Karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Wakapiga kura kwamba kusema kwa mdomo ni bora kuliko alama, na alama ziondolewe madarasani. Walimu viziwi wakapoteza kazi, watoto wakachapwa mikono, na mtindo huo ukasambaa hadi huku kwetu. Ilichukua miaka 130. Mwaka 2010 mkutano huohuo wa kimataifa, safari hii Vancouver, Kanada, ukayakataa rasmi maazimio yale ya Milan na kusikitikia madhara yake. Lakini kliniki nyingine bado zinaishi na kura ya 1880, na mama anarudishwa Morogoro akiwa ameambiwa amnyime mtoto maji.

Hilo la kikombe liache leo. Mpe mtoto maji. Mpe na alama ya maji, mpe na neno "maji" ukiwa umemtazama usoni, vyote pamoja, havigombani. Ungetaka ushahidi, uangalie watoto wanaosikia waliozaliwa na wazazi viziwi. Wanaanza na alama nyumbani, na kusema wanasema kama wenzao, tena wengi wao ndio wakalimani wetu wa leo. Mtoto kiziwi asiposema, ni kwa sababu hasikii sauti za kuiga. Mikono haijamkataza.

Baba watoto, operesheni yako siikatai. Ni kitu cha kweli. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa hivyo mwaka 2017, kabla ya hapo watoto wetu walikuwa wanapelekwa nje, India hasa. Kuna watoto wamewekewa na wanasikia na kusema. Kama unaitaka, sababu ya kukimbia unayo kubwa kuliko unavyodhani: uti wa mgongo unaweza kuacha kovu kule ndani kabisa ya sikio, na pakaota mfupa mahali ambapo waya wa kifaa unatakiwa kupita. Ndiyo maana mtoto aliyeugua ugonjwa huu hutakiwa kuonwa mapema na kupigwa picha za ndani ya sikio. Usisubiri pesa zote zitimie ndipo uende. Nenda sasa na vyeti vyake, uliza picha zinasemaje, uliza kama bado inawezekana kwa sikio lipi, na kwa umri wake matokeo gani ni ya kweli kuyatarajia. Uliza na gharama za baada ya operesheni, kifaa cha nje, betri, vipuri, na nauli za Dar, kwa sababu mashine hiyo inafunguliwa na kurekebishwa mara nyingi, na mtoto anafundishwa kusikia kwa miaka. Hatoki chumba cha upasuaji akaanza kukusimulia.

Na hata ikifanikiwa kabisa, akioga anakivua, akilala anakivua, kikiharibika Jumamosi atakaa bila sauti mpaka kitengenezwe. Muda huo wote ni kiziwi. Sasa niambie, kati ya leo na siku ya operesheni, na katika saa hizo zote atakapokuwa amevua, unataka mwanao aongee na nani? Changa pesa. Jifunze na alama.

Mama, hizo shimesikio zirudishe zikaangaliwe, ila si kwa yule wa kikombe. Kuna maswali wazazi wengi hawaulizi. Kwanza, mtoto hasikii mpaka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi, sikio la kulia na la kushoto? Omba ile karatasi yenye mchoro, ni ya mwanao, kaa nayo. Mazungumzo ya kawaida ni takribani desibeli 60. Kama yeye anaanza kupata sauti kwenye 90 na kuendelea, shimesikio inaweza kumletea honi na ngoma lakini isimletee tofauti ya "baba" na "kaka". Tena ngoma hata usiisikie inakugonga kifuani, kwa hiyo kugeuka kwake harusi ikipita kusikupe tumaini kubwa wala kusikukatishe tamaa. Pili, kile kipande cha plastiki kinachoingia sikioni kilitengenezwa lini? Sikio la mtoto linakua, kipande kikibana anaumia, kikilegea mashine inapiga mluzi. Mtoto anayezitia kwenye ndoo kila siku anakuambia kitu.

Basi, lugha yenyewe. Inaitwa Lugha ya Alama ya Tanzania, wenyewe wanasema LAT, ina sarufi yake kama lugha nyingine, na uso unafanya kazi ndani yake sawasawa na vidole. Nasema hivi kwa sababu utakuta video nyingi kwenye simu, na nyingi ni za Marekani. Ukijifunza hizo, mtoto atafika shuleni na maneno ambayo wenzake hawayajui. Hata ya Kenya ni tofauti na yetu. (Majirani wametutangulia katika heshima, tukubali. Uganda waliitaja lugha ya alama kwenye Katiba yao ya 1995, na Kenya kwenye ya 2010 wakaifanya moja ya lugha za Bunge. Sisi tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, Katiba bado.)

Mwalimu wako wa kwanza umeshampata. Ila usimfanye wa bure. Kaa na fundi mkubaliane siku na malipo, hata kidogo, kwa sababu ukikaa pale saa nzima cherehani imesimama. Muulize pia viziwi wenzake wanakutana wapi. CHAVITA, chama chao, kina matawi mikoani, na huko ndiko utakutana na wazazi wengine na watu wanaofundisha familia. Mtoto naye atakutana na viziwi wazee, wa makamo, wenye ndoa na watoto. Watoto viziwi wengi mno, zaidi ya 9 kati ya 10, wanazaliwa kwa wazazi wanaosikia, na wengine wanakua hawajawahi kumwona kiziwi mtu mzima. Fundi mwenye kibanda, mteja anakuja, analipwa, anafunga anakwenda zake: mwanao anahitaji kumwona mtu huyo kila wiki.

Nyumbani usianze na orodha ya maneno. Anza na vitu vya saa hiyohiyo. Unapika, alama ya unachopika. Umeme umekatika, alama ya hilo. Kabla hujasema naye, ingia mbele ya macho yake, au mguse bega. Akiwa mbali zima taa na kuwasha, au kanyaga sakafu kwa nguvu. Usimsemeshe huku umempa mgongo unasonga ugali. Mwanga uwe usoni kwako, usikae dirishani ukawa kivuli. Na mpe muda, jicho haliwezi kuangalia mikono yako na kijiko kwa wakati mmoja. Maliza kuonyesha, aangalie kijiko, akirudi kwako endelea. Wanaosikia hatuna subira hiyo, inabidi tuijenge. Utakosea alama nyingi. Mtoto atakurekebisha, na atafurahi sana kukurekebisha.

Tena mezani msimsahau. Mnacheka wote, akiuliza mnacheka nini anaambiwa "baadaye". Hii "baadaye" viziwi watu wazima wanaikumbuka mpaka leo kuliko fimbo. Mweleze pale pale, hata kwa ufupi.

Bibi yake usimweke kando. Ndiye anayeshinda na mtoto, na wazee wetu wana mikono: mwangalie akisimulia msiba wa kijijini, anaonyesha urefu wa mtu, anaonyesha alivyoanguka, uso mzima umo ndani. Mwombe amsimulie mjukuu hadithi za Sungura kwa namna hiyohiyo, wewe uongezee alama ulizojifunza. Akiona mtoto anamjibu, maneno ya "atasema tu" yatapungua yenyewe. Mwambie pia, kwa adabu, kwamba alichosema kuhusu mwanawe kuchelewa kusema hakikuwa na ubaya, lakini uziwi huu umepimwa.

Binti yako wa miaka 9 ajifunze, naye acheze. Mkimwachia kazi ya kuwatafsiria ninyi, mnamnyima utoto, na kesho mtamlaumu akichoka. Ukalimani wa nyumba ni wa watu wazima.

Shemeji yako anasema bweni mpumzike. Hapana, si kwa sababu hiyo. Shule zipo na nyingine zimesaidia watu wengi: Tabora iliyofunguliwa 1963, Buguruni pale Dar, Mwanga kule Kilimanjaro, Njombe. Huko atapata wenzake na lugha inayotembea kutwa uwanjani, kitu ambacho nyumba moja haiwezi kutoa, kwa hiyo huenda siku moja mkaamua aende na mkawa sahihi. Lakini mtoto anayepelekwa bweni kutoka nyumba isiyojua alama hurudi likizo kama mgeni wa mtu. Anakuja na hadithi za muhula mzima, hana wa kumsimulia, anaanza kuhesabu siku za kurudi shule. Nimepokea barua za namna hiyo kutoka kwa wazazi, wanauliza kwa nini mtoto hawapendi.

Kwanza nenda ofisi ya elimu ya manispaa, umuulizie afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Uliza shule gani ya msingi ya karibu ina kitengo cha viziwi, na uende ukaone mwenyewe. Simama mlangoni dakika chache tu. Mwalimu anaonyesha alama au anaandika ubaoni huku anaongea na ukuta? Watoto wanamuuliza maswali? Kuna mwalimu kiziwi? Majengo yasikudanganye. Uandikishaji wa darasa la awali huanza mwezi wa kumi, usiende Januari ukaambiwa nafasi zimejaa.

Kuhusu mumeo. Amegomba kwa hofu, na hofu yake ina jina moja, kwamba watu watamwita mwanawe bubu. Watamwita, alama ziwepo zisiwepo. Ila usibishane naye kwa maneno yangu haya kwanza. Akirudi mkalishe, mwonyeshe jina alilopewa na mwanawe, mweleze na ile siku ya Panadol mwanzo mpaka mwisho, umwache. Kisha mpeleke kwa fundi, waonane wanaume wawili. Wewe usiwepo.

Akishakubali kidogo, mfundishe alama chache tu za kuanzia: habari, nakupenda, nakuja, leo, kesho, keshokutwa, bado. Simu anayo. Dereva mwenye mtoto anayesikia hupiga akasikiliza kelele za nyumbani dakika mbili akakata. Huyu anaweza kupiga ya video akiwa amepaki Mikumi au Mafinga, akaegesha simu kwenye dashibodi mikono yote miwili ikawa huru, akamwambia mwanawe mwenyewe kwamba anakuja keshokutwa. Viziwi wanatumia simu hivyo kila siku. Bando liwe la kutosha, na asijaribu huku anaendesha.

Ya mganga wa Gairo nimeiacha mwisho kwa kuwa haina urefu. Masikio ya mtoto yaliumizwa na uti wa mgongo, na mbuzi hatibu hayo. Dua za bibi ziendelee, hazina gharama. Ila hizo laki mbili mlipeni fundi.

Shangazi